UNGAMO LA HIARI: MSHAURI WA WAFUNGWA KATIKA SHINYANGA NA GEITA

Neno "ungamo" lina makao mawili: mahakamani na madhabahuni. Mchungaji anayewashauri wafungwa waliokwisha kuhukumiwa husimama kati ya makao hayo, na historia ya Shinyanga na Geita imeifanya nafasi yake kuwa nzito.

Mwaka 1976 vyombo vya dola viliendesha msako katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, ambamo Geita ilikuwa wilaya, kufuatia mauaji ya watu waliodhaniwa kuwa wachawi. Washukiwa waliteswa ili wakiri, na baadhi yao walifia mahabusu. Mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, akibeba dhamana ya uovu ambao hakuutenda kwa mkono wake.

Mauaji ya kishirikina hayakukoma. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu adhabu ya kifo watu watatu waliomwua mtoto mwenye ualbino. Viungo vya watu wenye ualbino vilitafutwa kwa imani kwamba huleta utajiri machimboni na bahati ziwani. Na kwa kuwa nchi yetu haijamnyonga mfungwa yeyote tangu mwaka 1994, mtu aliyehukumiwa hivyo huishi na hatia yake miaka mingi. Ni nani atakayeketi naye?

Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1955 ziliwapa viongozi wa dini nafasi ya kumtembelea mfungwa kwa faragha. Faragha hiyo ndiyo kiini cha kazi yetu. Mshauri si hakimu wa pili, wala si wakili, wala si mpelelezi aliyevaa joho. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 11, lataka ondoleo la faragha lidumishwe, lakini halimlazimishi mtu kuhesabu dhambi zake zote. Baba zetu walijua kwamba neno lililokamuliwa haliponyi.

Je, hii ni kuipuuza damu iliyomwagika? La hasha! Mnyang'anyi pale msalabani alikiri kwamba adhabu yake ni ya haki kabla ya kuomba akumbukwe, na hakuna aliyemshurutisha. Zakayo naye aliahidi kurudisha alichodhulumu baada ya Bwana kuingia nyumbani mwake, si kabla. Basi yatupasa kuingia kwanza, kusikiliza, na kungoja. Anayekana tusimfukuze, anayekiri tusimpe faraja rahisi inayowasahau wafiwa.

Katika nchi ambako watu waliwahi kufa kwa kulazimishwa kusema, Kanisa halina budi kuwa mahali ambapo mtu husema kwa hiari.