Kudai Mirathi ya Mzazi: Ni Haki au Ni Kukosa Haya?



Baba amefariki. Hitma imesomwa, watu wametawanyika, na nyumba imebaki mikononi mwa kaka mkubwa. Miaka inapita. Siku dada mtu anapouliza fungu lake, anajibiwa: "Unataka kumshitaki baba kaburini?" Wengi wetu hapo hunyamaza. Tunaona bora tukose mali kuliko kuitwa watoto wasio na haya. Leo natamani turudi nyuma kidogo katika historia, tuone kama haya hiyo ina msingi wowote katika dini yetu.

Tuanze Madina, baada ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Miongoni mwa mashahidi alikuwa Saad bin Rabii, radhi za Allah ziwe juu yake. Aliacha mjane na mabinti wawili. Kwa desturi ya Waarabu wa zamani, mali ya maiti ilikwenda kwa wanaume wanaobeba silaha, basi ndugu yake Saad akaichukua yote. Mjane hakukaa ndani akalia. Aliwachukua wanawe akaenda nao kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akamweleza kwamba ami yao amechukua kila kitu, na kwamba mabinti hawa hawataolewa wakiwa hawana mali.

Mabibi harusi, hapo msipapite haraka. Mama huyu alikuwa akifikiria ndoa za wanawe, kama mama zetu wanavyofikiria zetu. Na Mtume hakumwambia kuwa anamvunjia heshima shahidi. Alimwambia Allah atahukumu katika jambo hilo, na ikateremka aya ya mirathi katika Suratun Nisaa. Kisha akamwita ami na kumwamuru awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumuni, na kinachobaki kiwe chake. Ukiigawa mali ile mafungu 24, mabinti walipata 16, mama 3, na ami 5. Hata ami hakutoka mikono mitupu.

Aliyetusimulia habari hiyo ni Jabir bin Abdullah, naye alikuwa na kisa chake. Baba yake pia aliuawa Uhud, akaacha mabinti na deni kubwa la tende. Wadai walikuja kwa Jabir kutaka haki yao. Mtume aliwaomba wapunguze, wakakataa. Hakuwafukuza wala hakusema deni limekufa na mwenyewe. Alikwenda shambani, akaomba baraka, zikapimwa tende mpaka wote wakalipwa, na nyingine zikabaki. Kwa hiyo hata mali ya shahidi hudaiwa. Na anayedai hamshitaki maiti, kwani mali imeshatoka mkononi mwake. Anamsaidia kuondokewa na dhima.

Sasa tuje kwetu Unguja. Sayyid Said bin Sultan alifariki baharini mwaka 1856, akiwa njiani kurudi kutoka Maskati. Aliacha watoto zaidi ya thelathini, wa kiume na wa kike. Wanawe wakubwa walianza kuvutana. Thuwaini wa Maskati alimdai ndugu yake Majid wa Zanzibar fedha, nusura wapigane, mpaka shauri likapelekwa kwa Lord Canning, gavana wa Waingereza kule India. Mwaka 1861 akaamua Zanzibar iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Tunawasoma ndugu hawa wawili kama wafalme waliogombania haki zao. Ni nani kati yetu amewahi kuwaita wana wasio na haya?

Dada yao, Sayyida Salme, alizaliwa Beit el Mtoni mwaka 1844. Baba yao alipofariki alikuwa na umri wa miaka 12 hivi. Fungu lake la shamba na fedha alikabidhiwa, wala umri wake na kuwa kwake binti ya suria havikumzuilia haki. Mgogoro wake ulikuja baadaye. Mwaka 1866 aliondoka kisiwani akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani. Mwaka uliofuata, huko Aden, alibatizwa, akaolewa, na akaitwa Emily Ruete. Mume alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwacha Ujerumani na watoto wadogo watatu.

Mwaka 1885 alirudi Zanzibar pamoja na manowari za Kijerumani, akidai mirathi kwa kaka yake, Sayyid Barghash. Barghash alikataa kumpokea. Manowari zile zilikuja kumlazimisha Sultani akubali matakwa ya Wajerumani huko bara. Walipoyapata, madai ya mama huyu yakawekwa kando. Alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Moyo unamhurumia mjane huyu, lakini kisheria tutenganishe mambo mawili. Haki ya mirathi huthibiti siku ya kifo. Baba alipofariki, Salme alikuwa Muislamu, na fungu lile likawa lake. Kwa jamaa waliofariki baada ya yeye kubatizwa, hukumu inajulikana: asiye Muislamu hamrithi Muislamu. Hivyo hata mwenye machungu ya kweli anapaswa kwanza kujua anadai nini na kwa msingi gani. Na aangalie pia nani anayembeba kwenda kudai, maana si kila mwenye kukusindikiza ana haja na haki yako.

Basi dada yangu, ukifiwa na mzazi, ukumbuke mpangilio. Kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane. Katika madeni, usisahau mahari ya mama ambayo baba hakuyamaliza. Hilo ni deni kama mengine, na mama ana haki ya kulipwa kabla hata ya kupewa thumuni yake.

Anza kwa upole. Zungumza na kaka, waite wazee, andikeni kilichopo. Ikishindikana, mlango wa kadhi upo, na kuugonga si kukata udugu. Ukitaka kumsamehe kaka yako fungu lako, ni wema mkubwa, lakini lijulikane kwanza ni kiasi gani, na utoe kwa ridhaa. Kunyamaza kwa kuogopa maneno ya watu si kusamehe. Na usidai zaidi ya ulichopangiwa, kwani mipaka ile aliyeiweka ni Allah.

Allah awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awaondolee madeni yao, na atujaalie tugawane walichotuachia bila kugawana udugu wetu. Amin.