Freretown: Miaka 150 ya Kijiji cha Walioachwa Huru

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja, akibanwa na Uingereza, alikubali kwa mkataba kufunga masoko ya watumwa. Manowari za Uingereza zikazidi kukamata majahazi ya watumwa, na waliokuwamo wakawa huru bila mahali pa kurudi; wengi walikuwa wametekwa wangali watoto, huko bara. Kwa ajili yao chama cha wamisionari cha CMS kilianzisha kijiji mwaka 1875, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, chini ya Mchungaji William Salter Price. Kikapewa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja kudai mkataba ule.

Hao wawili hutajwa kila mara. Naona heshima ya kwanza ni ya walioitwa Wabombay: Waafrika waliokombolewa utumwani, wakasomeshwa Nasik nchini India, wakarudi kuwa walimu na mafundi wa wenzao. Mmoja wao, William Jones, alipewa ushemasi mwaka 1885 na Askofu James Hannington, wakafuatana safari ya Uganda. Askofu alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyeurudisha msafara pwani.

Kengele ya kijiji ilipigwa kuwaonya watu hatari ikikaribia. Bado ipo, na mahali pale panaitwa Kengeleni.

Lakini adui hakutoka nje tu. Mwaka 1881 ulifanywa uchunguzi kuhusu viboko walivyochapwa wanakijiji kwa amri ya msimamizi wao Mzungu. Mtu aliyetolewa kwenye jahazi la watumwa akachapwa kwa jina la nidhamu ya Kikristo! Linauma, na sherehe isilifunike.

Huko Rabai, kituo ndugu, watumwa waliotoroka mashambani walikuwa wakipokewa na hao hao waliowahi kuwa watumwa, huku wakubwa wa misheni wakihofia ghadhabu ya mabwana. Suluhu ilikuja Januari 1889: George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya IBEA aliwalipa mabwana fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wakapata hati za uhuru. Imani yenye ujasiri, kwa macho yangu, ilikuwa ya wale waliofungua mlango kabla fidia haijalipwa.

Chuo cha theolojia kilichoanzishwa Freretown mwaka 1903 kilihamia Limuru mwaka 1930. Leo ni Chuo Kikuu cha St Paul's. James Mbotela, mzaliwa wa kijiji, aliandika Uhuru wa Watumwa. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, wa ukoo huo huo, aliwauliza Wakenya redioni kwa miongo mingi: Je, huu ni ungwana?