Imamu Shafii na Kauli Zake Mbili

Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, anayesoma fiqhi ya madhehebu yetu hukutana mara kwa mara na maneno mawili: kauli kongwe (al-qadim) na kauli mpya (al-jadid). Zote ni za mtu mmoja, Imamu Muhammad bin Idris Ash-Shafii (Allah amrehemu). Vipi imamu mkubwa kama huyu awe na kauli mbili katika suala moja?

Imamu alizaliwa Gaza mwaka 150 H (767 M), akalelewa Makka, akaihifadhi Al-Muwatta na kuisoma mbele ya Imamu Malik mwenyewe mjini Madina. Kisha akasoma Baghdad kwa Muhammad bin Al-Hassan, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa. Aliporudi Baghdad mwaka 195 H alikuwa tayari ni mwanachuoni wa kutegemewa, na huko akatunga Al-Hujja, kitabu alichokipokea Az-Zaafarani na kukieneza. Jina analo, kitabu anacho, wanafunzi anao. Mwingine angetosheka.

Mwaka 199 H akahamia Misri. Huko akayarudia masuala yake moja baada ya jingine, akazipima upya hadithi na kiyasi, akaiandika upya Ar-Risala, na Ar-Rabii bin Sulaiman akapokea kwake Al-Umm. Alichokiona hakina nguvu alikiacha, wala hakuridhia watu waendelee kumpokelea kauli aliyoirudi. Akafariki mwaka 204 H (820 M), naye ana miaka 54.

Wengi husema alibadilika kwa kuwa ada za Misri si za Iraki. Ada zina nafasi yake katika fiqhi, lakini ukiyatazama masuala yenyewe utaona mengi ni ya twahara na Swala, mambo ambayo hayageuki kwa kuvuka mto Nile. Kilichomgeuza zaidi ni dalili.

Ushahidi wake ni huu. Katika kauli mpya, wakati wa Magharibi ni mfupi, kiasi cha kutawadha, kuadhini na kuswali rakaa tano. Katika kauli kongwe, unaendelea mpaka wekundu wa mbingu utoweke. Imamu An-Nawawi (aliyefariki 676 H) alichagua ile kongwe, kwa sababu ya hadithi sahihi iliyomo katika Muslim. Hali kadhalika neno la kuwaambia watu kwamba Swala ni bora kuliko usingizi: kauli mpya ililichukia, kauli kongwe ililipendekeza, na mwambao wetu mzima kila alfajiri husikia fatwa ya ile kongwe. Basi jipya halikupendwa kwa upya wake, wala la kale kwa ukale wake.

Na sisi wenyewe tuna la kuungama. Tulipoanza kusomesha tulishika matni ya Abu Shujaa katika wakati wa Magharibi kama tulivyoipokea, tusieleze kauli ya pili. Darsani alikuwepo mzee mmoja mvuvi. Kila akichelewa kutoka baharini aliona Magharibi imeshampita, akaiacha mpaka ailipe usiku, hali wekundu ungali mbinguni naye angeweza kuiwahi. Tulipoisoma Sharhu ya An-Nawawi tulijua. Hata hivyo zilipita wiki kadhaa kabla hatujasimama tukasema: tulikosea. Kilichotuzuia hakikuwa uchache wa elimu, bali haya ya kuonekana tumerudi nyuma. Mzee hakutulaumu. Aliuliza tu, "Sheikh, na zile zilizokwisha pita?" Swali hilo bado linatuuma, kwa kuwa zile za wiki za ukimya wetu tulikuwa na uwezo wa kuziokoa.

Ndugu zetu wasomeshaji, aliyeacha kauli zake mbele ya Iraki na Misri hakupungukiwa. Leo mamilioni wanaswali kwa ijtihadi yake. Mabadiliko yenye kheri kwa watu huanza mwalimu anapokubali kusahihishwa na dalili, na kuyatangaza marejeo yake pale pale alipolitangaza kosa lake, tena mapema.

Wabillahi tawfiq.