Bodi ya wakurugenzi

Bodi ya wakurugenzi ni chombo kinachoisimamia menejimenti ya kampuni kwa niaba ya wanahisa. Huteua mkurugenzi mtendaji, hupitisha bajeti na, kupitia kamati ya ukaguzi, hupekua hesabu. Wanahisa hawaendeshi kampuni. Nguvu yao ni kura. Katika mkutano mkuu wa mwaka hupokea hesabu zilizokaguliwa, huchagua wakurugenzi na kuwahoji. Kwa kawaida hisa moja ni kura moja, hivyo mwenye hisa 100 huzidiwa na mwenye 10,000. Nchini Kenya, Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 huwaruhusu wanahisa kumwondoa mkurugenzi kabla ya muda wake kwisha, kwa azimio la kawaida, yaani zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa. Mwanahisa asiyehudhuria wala kutuma mwakilishi huwaachia wengine uamuzi juu ya mali yake.