Suruali kwanza, utamaduni baadaye

Nilipofika Arash, Loliondo, nilikuta vijana wa Kimaasai wakiimba. Ngoma hakuna, hata moja. Olaranyani anaanzisha, wenzake wanaitikia kwa sauti nzito za kooni huku wakipokezana kuruka. (Shuleni tuliambiwa kila kabila lina ngoma yake!)

Nikakumbuka historia. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akisikitika kwamba tumefundishwa rumba ilhali gombe sugu hatuijui. Safi kabisa. Lakini ndugu msomaji, miaka mitano tu baadaye, 1967, Serikali hiyohiyo ikaanza kampeni ya kuwavua Wamaasai mashuka na kuwavisha suruali. Udongo mwekundu wa kujipaka ukaitwa uchafu. Utamaduni wa nani basi tuliokuwa tunaufufua?

Leo shuka linapamba matangazo ya utalii, na hakuna anayemwambia Mmaasai alivue. Ila mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 za Loliondo zilifanywa hifadhi ya Pololeti, yakiwemo malisho ya Arash. Na wale vijana, nyimbo zao nyingi zinasifu ng'ombe.