Galaxian: gemu ya wadudu wa angani iliyohamia kwenye televisheni

Msikilizaji, ile gemu ya kindege chini na kundi la wadudu juu, ambayo wengi wetu hapa Kilakala tuliicheza bandani kwa shilingi mia, inaitwa Galaxian. Kampuni ya Namco ya Japani iliitoa mwaka 1979 kwenye mashine kubwa inayokula sarafu. Mwaka 1984 ikaihamishia kwenye Famicom, mashine ndogo ya Nintendo ya kuchomeka kwenye televisheni ya nyumbani.

Haikuhamia kama ilivyokuwa. Kioo cha mashine ya sarafu kilisimama wima, televisheni imelala. Kwa hiyo wadudu wanakufikia upesi na muda wa kukwepa ni mdogo. Sheria iliyobaki ni ile ngumu: risasi moja tu hewani. Ukikosa, unasubiri ipotee juu ndipo ufyatue nyingine, na mdudu hasubiri. Kubonyeza pedi ovyo hakusaidii kitu.

Tanzania Bara ilipata vituo vya televisheni mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973. Seti zilipoenea, kilichofika mabandani kwetu hakikuwa Famicom yenyewe bali nakala zake za bei nafuu, na kaseti zilizoandikwa kwamba zina gemu 9999999. Uongo mtupu! Zilikuwa chache zilezile zikijirudia. Galaxian ilichukua nafasi ndogo kwenye kumbukumbu, hivyo ilikuwa rahisi kuibana humo pamoja na nyingine.

Jina lake nililijua ukubwani. Bandani tuliiita "ya nzi".