Habari za Wazee na Nasaba za Nyumba za Lurujo

Yafaa msomaji ajue ya kuwa nchi ya Arua na Koboko, ambayo Lurujo ni sehemu yake, ilibadilishiwa watawala mara nyingi bila ya watu wake kuondoka mashambani mwao. Mtu aliyezaliwa huku yapata mwaka wa 1885 alizaliwa katika nchi iliyohesabiwa kuwa ya Misri, zama za Emin Pasha, liwali wa Jimbo la Ikweta. Mwaka wa 1889 Emin aliondoka pamoja na Stanley. Mwaka wa 1894 Waingereza walimkodisha Leopold, mfalme wa Ubelgiji, nchi hiyo iliyoitwa Lado. Leopold akafa mwezi wa Desemba 1909, na mwaka uliofuata nchi ikarudishwa Sudan. Mwaka wa 1914 ikatiwa katika Uganda, na Bwana D.C. A. E. Weatherhead akaweka boma Arua. Kwa hiyo mtu huyo, kabla hajatimiza miaka thelathini, alikuwa amekwisha kutawaliwa na dola nne, ilhali shamba lake la mtama ni lile lile.

Kila dola iliandika yake ikaenda nayo. Shajara za Emin zilichapishwa kwa Kijerumani huko Ulaya, baina ya mwaka 1916 na 1927. Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, kilianza mwaka wa 1957 kukusanya makaratasi ya waliotawala Sudan. Bwana John Middleton, mtaalamu Mwingereza, alikuja kukaa na Walugbara mwaka wa 1949, akaandika nasaba zao na ibada za wazee wao. Mgeni aliandika. Mwenyeji yeye alitegemea kifua, na karatasi chache alizozitia katika sanduku: hati ya ndoa, risiti ya kodi, cheti cha kuachishwa uaskari, na majina ya watoto katika ukurasa wa mwanzo wa Msahafu.

Kifua si kitu cha kudharau. Qurani yenyewe ilihifadhiwa vifuani, na hata leo yahifadhiwa hivyo. Lakini mwaka wa 633, walipouawa mahafidhi wengi katika vita vya Yamama, Sayyidna Umar alimwendea Sayyidna Abubakar akamweleza hofu yake, na Zaid bin Thabit akaamriwa aikusanye katika maandishi. Abubakar alisita kwanza, kwa kuwa Mtume mwenyewe hakulifanya jambo hilo. Kisha akaona haki iko wapi. Ikiwa maneno ya Mola, yaliyosomwa usiku na mchana na maelfu ya watu, yaliogopewa kupotea kwa vifo vya wasomaji, itakuwaje jina la bibi mzaa babu, linalojulikana na kikongwe mmoja tu?

Nchi hii nayo ilipata Yamama yake. Serikali ya Idi Amin ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na watu wa West Nile wakaanza kukimbia. Mwezi wa Oktoba 1980 vita vilirudi Koboko na Arua, na safari hii kukimbia kulikuwa kukubwa kuliko kwa kwanza: wengine Zaire, wengine Sudan, wengi wao wakiingia kwa jamaa zao wenyewe, kwa maana mpaka ule uliwapasua Wakakwa vipande vitatu. Wengi hawakurudi hadi mwaka wa 1986, makambi ya Sudan yaliposhambuliwa. Mtu anayekimbia huchukua mtoto, sufuria na gunia la unga. Sanduku hubaki. Nyumba ikiteketea, karatasi huteketea nayo; na isipoteketea, mchwa hawahitaji miaka sita. Wazee waliofia ugenini walizikwa huko, pamoja na yale waliyoyajua.

Hasara hiyo haikuonekana mara moja. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yasema kwamba aliyezaliwa nchini ni raia kwa kuzaliwa ikiwa mmoja wa wazazi wake au wa babu na bibi zake ni wa makabila yaliyokuwamo ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Wakakwa, Walugbara na Wanubi wametajwa humo. Waaringa waliongezwa mwaka wa 2005. Serikali ilipoandikisha watu kwa vitambulisho mwaka wa 2014, kijana aliyezaliwa kambini Sudan alitakiwa aeleze kabila na ukoo wake. Atajibu nini, ikiwa baba yake alikufa kabla ya kumwambia? Na mbele ya kadhi mambo ni mazito zaidi. Mirathi haigawanywi bila kujulikana warithi, na ndoa haifungwi kwa salama pasipo kujulikana nani alinyonyeshwa na nani. Nasaba nyingi zilizokwisha kuandikwa huwataja wanaume tu, kana kwamba walizaana wenyewe kwa wenyewe. Kwa kadhi daftari la namna hiyo ni nusu ya daftari.

Kuna jambo moja tena ambalo waandishi hulipuuza. Katika nchi hii jina la kienyeji ni tarehe. Mlugbara akimwita mwanawe Candia, au binti yake Candiru, ametia humo taabu iliyokuwapo siku ile. Akiandikwa Ibrahim peke yake, ataingia katika kundi la akina Ibrahim wengi wa mtaa mzima, na ile taabu itasahauliwa. Yaandikwe majina yote mawili, na suru yake, na kisima walichokuwa wakiteka maji.

Zaidi ya yote, mwandishi asijaze asichokijua. Wazee wengi wa Wanubi walikuwa askari wa Emin. Wengine walichukuliwa na Lugard kutoka Kavalli mwaka wa 1891, wengine wakabaki magharibi ya Nile pamoja na Fadl el Mula. Wengi wao walikuwa wametekwa vijijini wangali vijana, wakapewa majina kambini: Murjan, Bakhit, Farajallah. Baba zao hawakuandikwa popote. Wako wajukuu wanaoona haya kwa hilo, wakatafuta babu Mwarabu wa kumtia katika nafasi ile. Sura ya Al-Ahzab imekwisha kulihukumu jambo hili: watu waitwe kwa baba zao, na wasiojulikana baba zao ni ndugu katika dini. Basi mbele ya jina la Murjan iachwe nafasi tupu, na chini yake waandikwe watoto wake wote, wa kiume na wa kike, pamoja na mama zao.